Majengo ya Kijerumani Tanzania

Ni maboma, makanisa, hospitali na stesheni za enzi za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Aghalabu huelezwa kana kwamba Ujerumani ilihamishiwa Pwani jiwe kwa jiwe, lakini ushahidi wa kuta zenyewe unakataa. Boma la Bagamoyo, lililojengwa 1897, lina mawe ya matumbawe na ukingo wa juu wenye meno kama ngome za Waarabu. Boma la Kale la Dar es Salaam, ambalo wapita njia wengi hulidhania la Wajerumani, lilijengwa miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar. Wakoloni walilikuta na milango yake ya kuchonga, wakalifanya ofisi. Hospitali ya Ocean Road nayo, ya 1897, ina sura ya Kiarabu kuliko ya Berlin.

Mtu atauliza: na Azania Front je? Kweli, kanisa hilo la Kilutheri, lililoanza kujengwa 1898, kwa vigae vyekundu na mnara wake lingeweza kusimama Bavaria. Hata stesheni ya Tabora, ambako reli ilifika 1912, ina paa la mteremko mkali lisilo na asili huku. Ila ramani ya fundi mkuu haijengi nyumba. Matumbawe yalichimbwa na chokaa ikachomwa kwa ujuzi wa mafundi wa Pwani, uliotangulia bendera ya Kaiser kwa karne nyingi.