Mapigo Mawili au Manne: Miaka Mia ya Ushindani Matopeni

Mwaka 2002 Mmarekani Ricky Carmichael alishinda mbio zote 24 za ubingwa wa motokrosi wa nchi yake, daraja la 250, akiendesha Honda CR250R ya mapigo mawili. Mwaka 2004 alishinda tena zote 24, mara hii akiwa juu ya Honda CRF450R ya mapigo manne. Mwendeshaji ni yule yule na kampuni ni ile ile, lakini injini ni mbili zisizofanana hata kwa mlio. Anayetafuta injini iliyo bora hapati jibu hapo. Ila atazame namba zilizomo kwenye majina ya pikipiki hizo, 250 na 450, maana ndani yake mna historia ndefu ya kanuni, siasa na ujanja wa mafundi.

Mjerumani Nikolaus Otto aliendesha injini yake ya mapigo manne mwaka 1876: pistoni inanyonya, inabana, inasukumwa na mlipuko, kisha inatoa moshi. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Waingereza wawili walitafuta njia ya mkato. Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya mapigo mawili mwaka 1881, na Joseph Day wa Bath akabuni mwaka 1889 ile inayobana hewa ndani ya nyumba ya krenki yenyewe, bila valvu za juu. Pistoni ndiyo inayofungua na kufunga milango ya silinda, na kila mzunguko una mlipuko wake. Kwa hesabu ya karatasini, nguvu ingekuwa maradufu. Silindani mambo yalikuwa mengine, kwa sababu petroli mbichi ilitoroka pamoja na moshi kabla haijaungua.

Ndiyo maana mashindano ya matopeni yalipoanza huko Camberley, kusini mwa Uingereza, mwaka 1924, na hata mataifa yalipokutana Wassenaar, Uholanzi, mwaka 1947 kwa Motocross des Nations ya kwanza, uwanja ulikuwa wa mapigo manne. BSA, AJS, Matchless na FN ya Ubelgiji zilikuwa pikipiki nzito za cc 500, zenye kuvuta taratibu na kwa uhakika. Bill Nilsson wa Sweden alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa daraja la 500 mwaka 1957 juu ya AJS. Mapigo mawili yalihesabiwa kuwa injini za pikipiki ndogo za kwendea kazini.

Aliyegeuza hesabu hiyo alikuwa Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi kwenye silaha za kuruka huko Peenemünde. Baada ya vita alifanya kazi kwenye kiwanda chenye fedha kidogo na vifaa hafifu. Alichokuwa nacho ni sikio na akili. Kaaden alielewa kwamba mlipuko unapotoka silindani hutuma wimbi la mgandamizo kwenye ekzosi, na kwamba ekzosi ikitanuka kisha ikabanwa kwa vipimo sahihi, wimbi hilo hurudi na kuisukuma petroli iliyokuwa inatoroka irudi silindani kabla mlango haujafungwa. Bomba la bati, lisilo na kifaa chochote kinachotembea ndani yake, likafanya kazi ya valvu. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna injini isiyosukumiwa hewa iliyokuwa imekifikia.

Septemba mwaka huo, kwenye mashindano ya barabarani ya Sweden huko Kristianstad, mwendeshaji wake Ernst Degner alikuwa karibu na ubingwa wa dunia. Injini yake ilikufa njiani. Baada ya mbio Degner alitorokea Magharibi, na mkewe na watoto walikuwa tayari wamevushwa kwa siri kutoka Mashariki. Alikwenda Japani na maarifa ya Kaaden, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 kwa Suzuki. Kaaden alibaki Zschopau, na kwa maoni yangu hakuna mhandisi wa pikipiki aliyetoa kikubwa hivyo akalipwa kidogo hivyo.

Matopeni mageuzi yalifika haraka. Jeff Smith alishinda daraja la 500 mwaka 1964 na 1965 juu ya BSA ya mapigo manne. Mwaka 1966 BSA ilimtengenezea fremu ya titani kupunguza uzito, na haikumsaidia: Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki alimpita kwa CZ ya Chekoslovakia, mapigo mawili, na akashika ubingwa miaka mitatu mfululizo. Kuanzia hapo hadi 1992 hakuna pikipiki ya mapigo manne iliyotwaa ubingwa huo. Hata Soichiro Honda, aliyejulikana kwa kutopenda mapigo mawili, alikubali kampuni yake itoe Elsinore CR250M ya mwaka 1973.

Kwetu Afrika Mashariki enzi hiyo ilifika kwa Yamaha DT na AG100. Bwana shamba, mhudumu wa afya na katekista walizipanda kwenye njia zisizo na lami, wakichanganya oili na petroli au kuijazia tangi lake. Zilipendwa kwa sababu fundi wa kijijini aliweza kufungua kichwa cha silinda kwa spana chache, akaona kila kitu, akabadilisha ringi na kuirudisha barabarani siku hiyo hiyo.

Kurudi kwa mapigo manne kulitoka pande mbili. Upande mmoja ni moshi: bodi ya hewa ya California ilipitisha mwaka 1994 masharti ya pikipiki za porini ambayo injini inayochoma oili isingeyatimiza kirahisi. Upande wa pili ni kanuni za mashindano. Kwa kuwa mapigo manne yalionekana dhaifu, yaliruhusiwa ukubwa uliokaribia maradufu. Yamaha ikaitumia nafasi hiyo kikamilifu. Badala ya dude zito la zamani ilitengeneza injini fupi yenye valvu tano, inayozunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Doug Henry alishinda nayo mbio za Las Vegas mwaka 1997 ikiwa bado ya majaribio, na mwaka 1998 akatwaa ubingwa wa motokrosi wa Marekani juu ya YZ400F. Miaka michache baadaye 125 ya mapigo mawili ilipangwa na 250 ya mapigo manne, na 250 na 450. Honda ikafunga ukurasa wa mapigo mawili baada ya matoleo ya 2007.

Nasema wazi kwamba ushindi huo haukuwa wa haki. Cc 250 dhidi ya 450 si mizani ya injini na injini. Lakini mnunuzi hanunui haki. Mapigo manne huvuta kuanzia chini, hushika ardhi inayoteleza na humchosha mtu kidogo. Gharama yake huja siku valvu inapokatika na kuingia silindani: pistoni, kichwa na pengine krenki huondoka pamoja. Mapigo mawili hudai pistoni mara nyingi zaidi, ila bei yake ni ndogo na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Ni mepesi, na ndiyo sababu kwenye mbio za miamba ya Erzberg, Austria, KTM na Husqvarna za cc 300 za mapigo mawili zimetawala. Kwenye matoleo ya 2018 KTM ilianza kuzipulizia mafuta kwa kompyuta na kuziingizia oili kwa pampu, kwa hiyo mwendeshaji hakuchanganya tena oili kwa mkono.

Huku kwetu kuna jambo moja zaidi. Vijana wa gereji wa leo wamekulia kwenye bodaboda za Kihindi na za Kichina, zote za mapigo manne. Valvu wanaijua kama kiganja chao. Ekzosi ya Kaaden wengi hawajaipima.

Hata hivyo watoto wanaoshindana Uganda na Kenya bado wanaanza kwa cc 50, 65 na 85 za mapigo mawili, na swali humfikia mzazi mtoto anapotoka kwenye 85. Mimi ningemnunulia 125 ya mapigo mawili kwanza. Nguvu yake imejaa sehemu nyembamba ya juu, na akiiacha idondoke kwenye kona haitamsamehe, hivyo atalazimika kujifunza gia, klachi na kutunza mwendo. Ile 250 ya mapigo manne ingemvusha kona hiyo hiyo hata akikosea gia.