Hela yenye herufi pacha

Neno “hela” limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza 1904, mia moja kwa rupia. Wakati wa vita, 1916, nyingine zilipigwa Tabora, zikatiwa herufi T.

Ukiokota moja shambani hapa Madaba, herufi zake zikionekana mbilimbili, itazame kwa kioo cha kukuzia. Kosa likiwa kwenye muhuri wenyewe wa kugongea sarafu, herufi ya pili huinuka na kuvimba kama ya kwanza, ncha zimepasuka katikati. Kila sarafu ya muhuri huo ina alama ileile. Muhuri uliolegea ukiteleza wakati wa kugonga, huacha ngazi bapa iliyomega ukingo wa herufi. Alama hii ya kuteleza imejaa tele, wala haiongezi thamani.

Tafadhali, usiisugue kwa ndimu wala mchanga.