Chumvi ya Eyasi

Kabla ya chumvi ya dukani kuenea, Wasukuma wa mashariki, katika nchi ilipo Mwamapalala ya leo, waliifuata chumvi Ziwa Eyasi. Misafara ya wanaume ilikata nyika yenye simba na uhaba wa maji. Huko jua lilikuwa limekwisha kuyakausha maji na chumvi ikabaki. Kazi ilikuwa kuikusanya na kurudi salama.

Undani wake haukujulikana hata na wanazuoni wa Ulaya, mpaka Humphry Davy alipotenga sodiamu kwa umeme huko London mwaka 1807, na mwaka 1810 akaonyesha kuwa klorini ni elementi. Sodiamu huweza kulipuka igusapo maji. Klorini ni hewa ya sumu. Zikiungana huwa chumvi, ambayo mwili hauishi pasipo nayo. Ndilo fundisho la kwanza la kemia: muungano huzaa kitu kipya, kisichorithi tabia za wazazi wake.