Blanche wa Castile

Blanche wa Castile (Palencia, 1188 – Paris, 27 Novemba 1252) alikuwa malkia wa Ufaransa, mke wa mfalme Louis VIII na mama wa Mtakatifu Louis IX. Mwaka 1200 bibi yake, Eleanor wa Aquitaine, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alivuka milima ya Pirenei kwenda kumchukua mjukuu atakayeolewa Ufaransa. Aliyetarajiwa ni Urraca. Bibi akamchagua Blanche, mdogo wake Urraca.

Louis VIII alifariki mwaka 1226, mrithi akiwa na miaka 12. Blanche akashika hatamu, akawadhibiti makabaila waasi, na mwaka 1229 Mkataba wa Paris ukamaliza vita dhidi ya Wakatari, kundi la Wakristo waliohesabiwa wazushi, wa kusini mwa Ufaransa. Alitawala tena kuanzia 1248, mwanawe alipokwenda vitani. Hapo ndipo ujasiri wake ulipodhihirika zaidi: makanoni wa Notre-Dame walipowafunga wakulima wa Orly kwa kukataa kodi, yeye mwenyewe alifika gerezani akaamuru milango ivunjwe. Wachache kati ya wafalme wa Ufaransa walitawala vizuri kumshinda. Alizikwa Maubuisson, katika abasia aliyoianzisha.