Asili ya Manjano ya Gari la Shule

Zamani watoto wa mashamba ya Marekani walichukuliwa shuleni kwa kila namna ya chombo, hata magari ya farasi ya kubebea ngano, hata ilipowadia Aprili 1939, Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia akawakusanya New York wajumbe wa majimbo na mafundi wa viwanda, wakashauriana siku 7 na kutoka na kanuni 44 za magari ya shule, zikiwemo za kimo cha dari na upana wa ujia. Ukutani zilitundikwa rangi, tangu manjano ya ndimu hadi wekundu wa machungwa, ikateuliwa ile ambayo herufi nyeusi husomeka juu yake katika utusiutusi wa alfajiri. Kanuni hizo zilikuwa nasaha, si sheria. Jimbo la mwisho, Minnesota, liliiridhia rangi ile mwaka 1974. Lakini rangi pekee si usalama: aghalabu ni jambo jepesi kukaguliwa, ilhali breki mbovu hujificha.