Mbaazi Haukusingizia Jua

Mtu wa visingizio huambiwa: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hapa Ziwa la Ng'ombe, Kisauni, Mombasa, ambako mahamri na mbaazi za nazi huuzwa vibandani tangu alfajiri, methali hiyo haihitaji maelezo. Ila wataalamu wa mimea wameuchunguza utetezi wa mbaazi kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu ya uchunguzi huo ilifanyika kwa majirani zetu wa Mtwapa, ukishika barabara ya Malindi na kuvuka daraja.

Kesi yenyewe ilianza na tumbaku. Mwaka 1906 huko Maryland, Marekani, ilitokea aina iliyorefuka ajabu na kujaa majani, lakini haikuchanua mpaka baridi ikaiua. W. W. Garner na H. A. Allard wa Wizara ya Kilimo walijenga kibanda cha giza. Alasiri, jua likiwa bado juu, waliiingiza miche humo, na asubuhi wakaitoa. Miche iliyofupishiwa mchana ilichanua, iliyoachwa nje ikaendelea kutoa majani. Mwaka 1920 walitangaza kwamba mmea hupima urefu wa mchana.

Hupima kwa kutumia nini? Mwaka 1952, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao huko Beltsville walimulika mbegu za letusi. Mwanga mwekundu ulizifanya ziote. Mwanga mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri, ulizizuia. Walipoipokezanisha miali hiyo tena na tena, ni ule wa mwisho tu ulioamua. Mwaka 1959 protini inayofanya kazi hiyo ilinaswa kwa vipimo, nayo ndiyo fitokromu. Ina sura mbili: mwanga mwekundu huiamsha, na gizani hurudi kulala polepole. Kwa kushirikiana na saa iliyomo ndani ya mmea, hiyo ndiyo inayoujulisha mmea kama usiku umekuwa mrefu.

Zamu ya jeni ikafika. Mwaka 1997 watafiti wa Texas walionyesha kwamba jeni ya mtama iitwayo Ma3, inayoamua zao likomae lini, ni jeni ya fitokromu B, mojawapo ya aina za fitokromu. Katika aina moja ya mtama, jeni hiyo imepoteza herufi moja tu ya maandishi yake, na kwa sababu hiyo mtama huo huchanua mapema mno. Soya nayo ikaonekana kuwa na jeni za namna hiyo.

Sasa turudi kwa mbaazi wetu. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mchana mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kwa takriban nusu saa. Ndiyo maana mtafiti S. N. Silim na wenzake waliiona Kenya kuwa mahali pa kupimia: walipanda mbaazi Mtwapa, Kiboko, Katumani na Kabete. Kutoka pwani hadi Kabete, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, joto linashuka hatua kwa hatua ilhali urefu wa mchana haubadiliki sana. Kisha wakawasha taa kuurefusha mchana, ili waweze kulitenga jua na joto.

Matokeo waliyochapisha mwaka 2007 yanastahili kujulikana na kila mkulima wa pwani. Mbaazi za muda mrefu, zile za nyanda za juu zinazochelewa kukomaa, ndizo zilizosumbuliwa zaidi na mchana ulioongezwa, na zilichanua upesi kabisa kwenye joto la karibu nyuzi 18. Hilo Mtwapa hulipati. Zile za muda mfupi kabisa zilipenda karibu nyuzi 25. Kwa hiyo anayeleta mbegu kutoka milimani na kuipanda huku anaweza kuvuna kuni na majani, na kosa si la mbaazi.

Mwaka 2016 timu mbili, moja ikiwa Cambridge na nyingine Buenos Aires, zilionyesha katika mmea mdogo wa maabara kwamba fitokromu B huhisi joto pia: usiku ukiwa wa joto, hurudi kulala upesi zaidi. Kwangu mimi hapo ndipo jua na joto, vilivyotenganishwa mashambani Kenya, vinapokutana ndani ya protini moja. Orodha ya jeni za mbaazi, zipatazo 48,680, ilitangazwa na taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT na washirika wake mwaka 2011 kutokana na aina ya Kihindi iitwayo Asha, kwa hiyo jeni za fitokromu za mbaazi sasa zina mahali pa kutafutwa.

Kwa sasa, mwenye kiwanja Kisauni aulize mbegu yake ilizalishwa kwenye mwinuko gani kabla ya kulipa. Akipanda aina inayosubiri usiku mrefu, aiweke mbali na taa ya mulika mwizi, kwani taa huufupishia mmea usiku. Marekani, soya iliyo kando ya taa za barabarani hubaki kijani wakati shamba lote limekauka likisubiri kuvunwa.