Shahidi Aliyenaswa Mkiani

Andrew Mynarski alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, katika familia ya wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alipofariki, kijana huyo alishika kazi ya kukata ngozi ili kuisaidia familia. Mwaka 1941 alijiunga na Jeshi la Anga la Kanada. Miaka mitatu baadaye alikuwa mpiga bunduki wa juu katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster, kwenye kambi ya Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza.

Ndege hiyo ilibeba watu saba. Mpweke kuliko wote alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, Pat Brophy. Kibanda chake kilikuwa finyu hata mwavuli wake wa kurukia haukuenea. Uliwekwa nje yake, tumboni mwa ndege. Ili aruke, ilimbidi akigeuze kibanda, afungue milango, auchukue mwavuli, kisha akigeuze tena mpaka milango ielekee angani. Kibanda kilizungushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na injini. Injini ikizimika, kinakwama.

Jioni ya tarehe 12 Juni 1944, wakisubiri ndege ipae, Mynarski aliokota majanini kimea chenye majani manne, ambacho kwao ni ishara ya bahati njema. Akampa Brophy.

Walikuwa wakienda kushambulia reli za Cambrai, Ufaransa, wiki moja tu baada ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Ilikuwa safari yao ya 13. Usiku wa manane ndege ya Kijerumani, Junkers 88, ikawavamia. Injini mbili za kushoto zikazimika na moto ukashika bawa na tumbo la ndege. Rubani Art de Breyne akaamuru watu waruke.

Mynarski alikuwa ameshaufikia mlango alipomwona Brophy amenaswa: kibanda kimekwama, na mkono wa kukizungushia umevunjika. Akauacha mlango. Akatambaa kwa magoti katika mafuta yanayowaka, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akang'ang'ana nacho kwa mikono mitupu. Brophy alipoona hakuna njia, akampungia aende zake. Mynarski akarudi kinyumenyume, asimwondolee macho mwenzake. Alipofika mlangoni akasimama wima, nguo zikimwakia, akapiga saluti, akaruka.

Mwavuli nao ulikuwa ukiwaka. Alifika chini akiwa hai, lakini majeraha ya moto yalimuua. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Brophy alianguka na ndege isiyo na rubani, yenye shehena ya mabomu. Lancaster ikagonga mti, kibanda kikapasuka, naye akarushwa nje, mzima. Wenzake watano nao walinusurika: wawili walitekwa, na watatu, kama Brophy mwenyewe, walifichwa na Wafaransa.

Hakuna mwingine aliyeyaona yaliyotokea mkiani. Kwa ushuhuda wa Brophy, Mynarski alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross mwaka 1946. Kikosi cha mabomu cha Uingereza, walikohudumu, kilipoteza watu 55,573, na wengi wao walikufa pamoja na wote ambao wangeweza kuwasimulia. Mynarski amezikwa Méharicourt, Ufaransa. Huko Hamilton, Ontario, makumbusho ya ndege yanatunza Lancaster inayoitwa kwa jina lake, iliyoandikwa ubavuni herufi za ndege yake, VR-A.